Shotigani ya Mlio Mmoja

Jumatatu, 5 Mei 2025

Imekwama tena! Risasi ya kwanza imetoka vizuri, kunguru wote wa Kilambo wameruka — halafu basi. Ganda limeng'ang'ania mlangoni mwa bunduki, nusu ndani nusu nje, na Selemani, askari wangu, analichokonoa kwa kidole kama anamtoa mtoto mwiba wa samaki kooni. Kiboko anakula mpunga. Hata sikio hakutikisa.

Eti shotigani ya kujikoki! Ukifyatua, yenyewe inatema ganda, yenyewe inapandisha risasi nyingine, kazi yako ni kufyatua tu. Hii ya kwetu haijikoki, haitemi, haijiwezi. Na ndiyo pekee tuliyopewa kwa vijiji vyote vya huku, toka kivukoni mpaka Msimbati. Kiboko mwenyewe marisau hayamuui, yanamwasha tu. Tunachotaka ni milio ya kufuatana ashtuke arudi mtoni. Mlio mmoja haumtishi hata mbuzi.

Huyu wa kwetu wanamwita Mwenyekiti. Niliuliza kwa nini. Wakasema anakuja anapotaka, anakula cha watu, na maswali hajibu. Hilo nalo walilipatia. Sijui kama kuna jingine wamewahi kulipatia.

Mwenyekiti ameshaelewa bunduki yetu kuliko sisi. Mlio mmoja, kimya, anaendelea kula. Kila siku anasogea karibu na dungu la Mama Rukia, mama mkwe wa Selemani. Bibi wa watu analinda mpunga juu ya vijiti vile na debe lake, hashuki. Mwaka jana aliuacha mpunga akaenda msibani, akarudi akakuta mabua. Sasa hata umwambie nini, hashuki. Wiki iliyopita Mwenyekiti alijikuna mgongo kwenye dungu la jirani, likalala chini. Bahati lilikuwa tupu. Likilala la Mama Rukia na yeye yumo, tutamzika.

Nimemwandikia bosi. Jibu: "Raheli, endelea kufuatilia kwa karibu." Karibu kiasi gani? Nikamshike mkia?

Jumatano, 7 Mei 2025

Likombe, kwa Mzee Elisha. Ndiye aliyekuwa bwana nyama wa huku kabla yangu. Amestaafu, anajenga. Anajenga tangu nimfahamu.

Uharibifu wote wa ile shotigani ni wake. Bomba la risasi amelirefusha kwa mchomeleaji wa vitanda. Kitako amekikata kwa msumeno. Mtutu ameupaka rangi ya kijani, ile ya milango ya zahanati. Tochi ameifunga kwa mpira wa baiskeli. Amefanya kila kitu isipokuwa kuitoboa masikio.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema porini ukishaishiwa risasi unabaki wewe na Mungu wako, kwa hiyo bora bomba refu. Halafu akaanza: bunduki inataka mapenzi, mwanangu. Nilikunywa chai yake. Mwanaume akianza kuniambia kitu cha chuma kinataka mapenzi, najua hajui kinachokisumbua.

Mwisho ikatoka. Alipolirefusha bomba, springi ya zamani haikufika, akatia nyingine. Ya nini? Hakumbuki. Labda ya jenereta! Serikali imetupa silaha ya kulinda watu na mazao, na huyu bwana kaipa utumbo wa jenereta. Nikasema basi, ugonjwa ndio huo. Akasema hapana, yeye na Selemani waliipiga hivyo hivyo miaka yote, mbili za haraka bila wasiwasi. Ubishi wa mstaafu.

Ila springi ya asili alikuwa nayo, kwenye kopo la maziwa, imefungwa kitambaa. Nimeichukua. Nitalipunguza lile bomba nikipata fundi mwenye akili timamu. Kwa leo nataka itapike tu.

Vidole vyangu vinawasha. Rangi ile ya zahanati, bila shaka.

Ijumaa, 9 Mei 2025

Springi ya asili imeingia. Nikaenda kuijaribu machimbo ya kokoto, mbali, barabara ya Mtwara, ili nisipate umati wa watoto na washauri. Selemani yuko msikitini. Afadhali.

Moja.

Halafu ganda, mlangoni, nusu ndani nusu nje. Kama picha ya pasipoti — ile ile.

Nimerudisha springi ya jenereta. Kumbe angalau ilikuwa inafika mwisho wa bomba. Mzee Elisha asijue kamwe.

Jumamosi, 10 Mei 2025

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Leo nimeivua yote. Nimetandika kanga mezani, nikatoa mtutu, nikatoa ubao wa mbele, nikafika kwenye pistoni. Semina ya Morogoro walituchorea ubaoni: moshi wa baruti unaisukuma pistoni, pistoni inarudisha mlango nyuma, ganda linaruka nje. Pistoni inatakiwa iteleze. Hii haitelezi. Nimeivuta kwa koleo. Imeshikamana na bomba lake, imepakwa kitu cheusi chenye wekundu, kigumu, kinang'aa kama kabati la bi harusi. Nikakwangua kwa kisu. Nikanusa.

Korosho!

Nikamwita Selemani. Amekuja na kofia mkononi. Nikamuuliza hiki ni nini. Akasema, bila hata kusita, ni mafuta ya maganda ya korosho. Kayakamua mwenyewe. Akaipaka bunduki yote, na ndani, na kila palipo na tundu, mara mbili, tangu mfungo. Chumvi ya huku inakula chuma, akasema, na mlango wa nyumba ya mama mkwe wake una mafuta hayo hayo, haujaguswa na mchwa tangu aoe.

Mchwa! Nikamuuliza ameona wapi mchwa wanakula shotigani.

Nikamweleza polepole, kama anaelezwa mtoto: mafuta hayo yakipata moto yanakauka yanakuwa gundi. Bunduki ukiipiga inapata moto. Kila ulipofyatua uliipika. Umeikaanga, Selemani, umeikaanga pamoja na maganda yake.

Akasema taratibu kwamba wakati ule aliniomba mafuta ya bunduki, na mimi nilimwambia ofisini hakuna, mafuta yako mengi duniani, atumie akili.

Nilisema, ndiyo. Sikusema akili ya namna ile.

Na vidole vyangu! Ngozi inabanduka kama ya kitunguu. Wanawake wanaobangua korosho wanapaka majivu kabla ya kugusa maganda, kila mtu huku anajua, mtu mzima anapaka mafuta yake kwenye silaha ya serikali halafu ananikabidhi kila jioni niifungie kabatini! Na mimi naipokea kwa mikono miwili kama sadaka.

Jumapili, 11 Mei 2025

Sikwenda ibadani. Mungu ananiona nilikuwa wapi: mezani, na petroli, na mswaki, na vijiti vya mwanzi, toka asubuhi. Glavu za plastiki za kuoshea vyombo. Inatoka vipande vipande. Kichwa kinaniuma kwa harufu.

Saa tisa pistoni imeteleza. Nikaiinamisha huku, ikashuka yenyewe, tak. Nikaiinamisha kule, tak. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Sauti nzuri sana ile.

Nikapanda bodaboda mpaka machimboni. Mbili. Mbili za haraka, maganda yote mawili yakaruka yakaangukia kokoto. Nikajaribu tena — mbili! Dereva wa bodaboda amepiga makofi. Springi ya jenereta na yote. Mimi, mtoto wa mwalimu wa Njombe, ambaye bosi aliniambia kazi ya silaha "waachie vijana wa kiume".

Wakati wa kurudi nimesimama mgahawani kwa Farida kunywa chai. Pamejaa watu kama kawaida. Wakaniuliza habari ya bunduki. Nikawaambia. Nilianza kwa ufupi, ila walikuwa wanacheka, na mtu akichekewa anaongeza chumvi. Nikawaambia Mwenyekiti akipigwa sasa atanukia korosho za kukaanga. Nikawaambia mchwa wa Kilambo wamekata rufaa. Farida alilazimika kuweka birika chini. Mmoja akasema toka leo Selemani aitwe Mbanguaji.

Selemani alikuwa nje, anafunga baiskeli. Sijui alisikia kiasi gani. Kama alisikia, sikusema uongo hata neno moja.

Jumanne, 13 Mei 2025

Jana hakuja. Leo asubuhi amekuja mlangoni, amevaa kanzu, sare ameikunja amebeba mkononi. Viatu juu yake, vimepigwa rangi. Ameviweka kwenye ngazi yangu. Amesema anashukuru kwa ushirikiano. Ushirikiano! Neno la kwenye hotuba za kuaga.

Nikamwambia asilete mambo ya kitoto, watu walitania tu. Akasema hana kinyongo, ila mkewe jana kaitwa Mke wa Mbanguaji kisimani, na watoto wake wanasoma shule ya hapo hapo kijijini. Amesema bunduki sasa nzima, mwenye nayo yupo.

Halafu akataka kunieleza mambo ya milio. "Dada, kuna utaratibu wa kupiga..." Nikamkata. Nilimwambia niliyeifungua nikaisafisha ni mimi, kupiga sihitaji mwalimu. Akaangalia mikono yangu yenye plasta. Akasema haya. Akaenda.

Wanaume wa huku wanasusa kama watoto wa darasa la pili. Sare naipeleka kwa bosi, amtafute mwingine.

Nimetoka kwenda kumsihi Mama Rukia ashuke dunguni. Nimesimama chini nimeinua shingo kama nauza kitu. Mwenyekiti amekula mpaka hatua chache tu toka nguzo za dungu. Nyayo zake zimejaa maji, unaweza kufulia. Bibi ananitazama toka juu, anatafuna muhogo wa jana. Amesema, mwanangu, nikishuka nitakula nini?

Kesho naenda mwenyewe. Na bunduki.

Jumatano, 14 Mei 2025. Dunguni kwa Mama Rukia

Nimepanda. Ngazi ya vijiti vinne, cha tatu kimeoza. Nimekuja mapema, alasiri, kwa njia ile inayotoka kwenye mikorosho, inashuka, inavuka kijito chenye matete, inaingia mpungani. Ni njia moja tu, pande zote ni tope.

Mama Rukia amenikaribisha kama nimekuja kuposa. Amenipangusia pa kukaa. Hakuniambia neno kuhusu mkwe wake, na mimi sikuuliza. Ananiita Bibi Nyama, akisahau ananiita mwanangu. Amenionesha anavyopiga debe kwa ndege, anavyopiga kelele kwa ngedere. Mashamba yote ya bonde hili jioni ni hivyo: huyu anapiga debe, yule anaita hooo, hata mnyama asipokuwepo. Wanaitikiana tu ili wasijisikie wapweke. Nikamwambia hayo ni makelele, hii niliyoileta mimi ndiyo dawa, nikaipiga shotigani kofi la shavu. Akacheka. Amebakiwa na meno mawili.

Muhogo wa jana, wa baridi. Nimekula. Anasema siku hizi hapati chakula cha moto jioni, hakuna anayethubutu kumletea. Nikasema watu waoga.

*

Amekuja! Jua lilikuwa halijagusa miti. Ametoka upande wa mto polepole, tumbo linaburuza mpunga, ananyoa, ananyoa. Kwa karibu ni nyumba. Sikujua. Miezi yote hii naandika ripoti zake, sikuwahi kumwona karibu hivi. Selemani alikuwa anasimama chini, pale, kwenye tope.

Nikapiga. Halafu nikapiga!

Mbili za haraka, maganda yameruka hayooo. Nilipiga kelele ya furaha, Mama Rukia akapiga debe. Mwenyekiti akainua kichwa. Nadhani hakuamini. Akageuka akakimbia — dungu zima lilitikisika. Dada wewe! Mzee Elisha, bosi, wote, njooni muone!

Ila hakukimbilia mtoni. Amekimbilia kijitoni, kwenye matete. Nimeyaona yakifunguka na kujifunga. Basi akae huko, si mpungani, ndilo nililolitaka.

Nimetulia kidogo, naandika. Mama Rukia anakung'uta mkeka. Anapangusa sahani. Ana furaha.

Amesema leo tutakula vya moto.

*

Naandika huku jicho liko kwenye matete.

Nilimuuliza vya moto vinatoka wapi. Akasema Selemani analeta, kasikia mbili.

"Mbili ndiyo nini, mama?"

"Moja, nnyama yupo, ntu asitoke. Mbili, kaingia mtoni, njia nyeupe. Ndiyo yetu toka enzi za Elisha." Akaniangalia. "Hakukwambia?"

Alitaka kuniambia. Mlangoni kwangu, amesimama na kanzu yake.

Kumbe ndiyo maana hawatoki jioni. Si waoga. Tangu bunduki iharibike hawajasikia mbili. Kila jioni wanasikia moja wanakaa ndani, na bibi anakula muhogo wa baridi. Leo nimewaambia mimi mwenyewe, kwa sauti inayofika mpaka kivukoni: tokeni, njia nyeupe.

Na Mwenyekiti yuko njiani. Matete yanatikisika, pale pale nilipovuka alasiri.

Nimepiga simu. Simu imeshika mtandao wa Msumbiji, mwanamke ananiambia kitu kwa Kireno. Nimepiga tena. Kireno. Nimeita mpaka koo limekauka, Mama Rukia amepiga debe mpaka limebonyea. Shamba la pili wameitikia hooo. La tatu nao, hooo. Wanafurahi na sisi.

Nikasema nashuka. Mama Rukia amenishika mguu wa suruali kwa mikono yote miwili. "Utapita wapi? Njia ndiyo hiyo hiyo." Hataji tena chakula. Anataja jina la binti yake, mke wa Selemani.

Naogopa. Sijawahi kuliandika neno hilo humu.

Risasi zipo, bomba refu la yule mzee limejaa. Lakini nikipiga moja sasa, Selemani atasikia moja ya kumwambia asitoke? Au ataijumlisha na zile mbili? Akisikia nyingi si atasema nashangilia, namwonesha Mbanguaji kwamba imepona? Na yule wa kwenye matete, nikimshtua tena, anatokea upande gani?

Nimemuuliza Mama Rukia tatu maana yake nini. Anasema tatu hawajawahi kusikia.

Giza linaingia. Matete yametulia.

Tochi imetokea kwenye mikorosho. Inateremka taratibu, inasimama, inateremka. Anaangalia pa kukanyaga, maana mkono mwingine umebeba sufuria.